Maswali na Majibu: Nasaba ya Nzi na Ushahidi wa Upande wa Mama

Nimesoma kipande cha herufi 658 za DNA cha jeni ya COI, mojawapo ya jeni za mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati), kwa nzi wa familia tano. Je, kinatosha kuchora mti wa nasaba yao?

Hakitoshi, na swali hili limekwisha kujibiwa hapa mara nyingi mno. Kipande hicho husaidia kutambua spishi. Hakiwezi kupanga familia zilizotengana mamilioni ya miaka iliyopita.

Basi nikitumia jenomu nzima, yaani DNA yote, ya mitokondria? Nimechambua jeni zake zote 37 kwa mbu, ambao nao ni wa oda ya nzi, na programu ya kuchora nasaba imewaweka Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis pamoja kwa uhakika wa asilimia 100. Msimamizi wangu bado ana shaka.

Msimamizi wako ana haki, nami nakusihi umsikilize. Mitokondria hurithiwa kwa mama, na jeni zake zote, yaani 13 za protini, pamoja na 22 za tRNA na 2 za rRNA (aina mbili za RNA zinazosaidia kutengeneza protini), husafiri pamoja katika duara moja la DNA. Kwa hiyo huna mashahidi 37. Unaye shahidi mmoja anayerudia maelezo yake mara 37, na asilimia 100 yako inaonyesha tu kwamba hajikanganyi. Mbu hawa wawili hujamiiana mara mojamoja porini, na kwa njia hiyo mitokondria zimevuka kutoka spishi moja hadi nyingine. Uchambuzi wa jenomu nzima uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata sehemu kubwa ya DNA ya kiini cha seli imevuka vivyo hivyo, na kwamba kromosomu X ndiyo iliyohifadhi nasaba ya asili, ambamo arabiensis yuko karibu zaidi na Anopheles quadriannulatus, mbu anayependelea damu ya mifugo kuliko ya watu. Jambo hili linamhusu pia kila anayepambana na malaria, kwa sababu jeni za usugu dhidi ya viuatilifu nazo huvuka mipaka ya spishi.

Fungua pia faili lako utazame nafasi ya tatu ya kila kodoni, yaani kila kundi la herufi tatu za jeni ya protini. Katika Drosophila yakuba, ambaye mfuatano wake wa herufi 16,019 ulichapishwa mwaka 1985, zaidi ya kodoni tisa kati ya kumi huishia kwa A au T, mbili tu kati ya herufi nne za DNA. Herufi zinapobadilika na kurudi mara nyingi kiasi hicho, nzi wa koo za mbali hufanana kwa bahati tu, na programu huwaita ndugu.

Nzi wa maembe aliitwa Bactrocera invadens, sasa anaitwa Bactrocera dorsalis. Je, DNA ilikosea?

Haikukosea. Nzi huyo aligunduliwa Kenya mwaka 2003, akaelezwa kuwa spishi mpya mwaka 2005, kisha mwaka 2015 akaunganishwa na dorsalis wa Asia. Uamuzi huo haukuegemea mitokondria peke yake: maumbile yalilinganishwa, kemikali za kuvutia wenzi zikapimwa, na nzi wa pande zote mbili wakapandishwa wakazaa. Huo ndio utaratibu ninaoutetea.

Sampuli zangu zimo kwenye formalini. Zinafaa?

Kwa jenomu kamili, usizitegemee, kwa kuwa formalini huigandisha DNA pamoja na protini na kuikatakata. Nzi wapya watie kwenye ethanoli ya asilimia 95, chomoa mguu mmoja tu kwa ajili ya DNA, na mwili uliobaki uutunze pamoja na kijikaratasi cha mahali na tarehe, maana mfuatano usio na nzi wake hakuna atakayeweza kuuhakiki.