Modi ya Leya Ikikataa, Chungulia Chini Yake

Msimu wa harusi ukianza hapa Mombasa, vijana wanaohariri video huniletea malalamiko yale yale: maski (umbo linalokata sehemu ya leya, yaani tabaka la picha) haishiki, Screen (modi, yaani namna ya leya kuchanganyika na iliyo chini yake, inayong'arisha na kuficha weusi) imekufa, weusi hauondoki. Ushauri wangu kwao ni mmoja. Usikimbilie kuchezea namba za maski. Jiulize After Effects, programu tunayotumia kwa kazi hizi, inatangulia kufanya nini, na leya yako ina nini chini yake.

Zamu yenyewe iko hivi: maski hukatwa kwanza, efekti hufuata, ndipo huja mkao, ukubwa na mzunguko. Niliwahi kutengeneza tangazo la duka moja la leso pale Biashara Street. Mwenye duka alitaka jina la leso, yaani maneno yake, litokee polepole ndani ya kisanduku chake, liking'aa dhahabu, mji (eneo la katikati) na pindo visiguswe. Maski ilikata herufi sawasawa, lakini mng'ao ukamwagika mpaka kwenye mji. Lazima umwagike, kwa sababu mng'ao ni efekti, na efekti inakuja wakati maski imeshamaliza kazi yake. Ukilainisha kingo za maski husaidiki kitu. Dawa ni kuchagua leya ya maandishi, kubonyeza Ctrl+Shift+C na kuhamishia kila kitu, pamoja na efekti, kwenye kompozisheni mpya (kifurushi cha leya kinachotumika kama leya moja). Maski ya zamani nayo itaingia humo, kwa hiyo ifute, kisha chora nyingine huku nje, juu ya kompozisheni hiyo. Sasa mng'ao unakatwa pamoja na herufi.

Hapo ndipo tatizo la pili linapozaliwa, na hili ndilo linalokesha na watu. Maandishi yale nilikuwa nimeyapa modi ya Screen ili nyuzi za kitambaa zionekane. Yakishaingia kwenye kompozisheni yao, chini hakuna kitambaa tena, na Screen isiyo na kitu chini yake haina tofauti na Normal. Mafunzo mengi ya mtandaoni yatakwambia uwashe kile kitufe chenye umbo la jua, ili modi za ndani zione leya za nje. Ni kweli, lakini mradi hujaweka maski wala efekti juu ya kompozisheni hiyo. Ukishaweka, programu inairenda (inaitolea picha kamili) peke yake kwanza, na Screen ya ndani inapotea upya. Achana na jua. Modi iweke kwenye kompozisheni yenyewe, kule nje inakogusana na leso.

Kuhusu weusi: Screen huondoa weusi kamili tu. Klipu ya cheche au moshi iliyopitia WhatsApp mara kadhaa huwa na weusi uliochujuka. Peleka kishale juu ya eneo jeusi, usome paneli ya Info. Kwenye mradi wa biti 8, ambako rangi husomwa kutoka 0 hadi 255, ukikuta 0, mambo sawa. Ukikuta 10 au 16, ukungu utabaki juu ya picha yako yote. Weka Levels, efekti ya kurekebisha weusi na weupe, kwenye klipu hiyo, usogeze alama ya weusi kulia mpaka isome 0.

Mengine ni madogo. Ukichora maski ukapata umbo la rangi, hukuwa umechagua leya. Safu ya modi isipoonekana, bonyeza F4. Maski ipo lakini haikati? Bonyeza M mara mbili, huenda imewekwa None. Na wanaotumia leya moja kukatia nyingine wakumbuke kwamba kabla ya toleo la 23, la mwaka 2022, leya ya kukatia ilikuwa lazima ikae moja kwa moja juu ya ile inayokatwa. Siku hizi unachagua leya yoyote. Kwa maandishi mimi hutumia Alpha, inayokata kwa uwazi wa leya. Luma, inayokata kwa mwangaza wake, inanichosha, herufi zikiwa na rangi nzito zinatoka nusu nusu.

Kazi ya skrini kubwa za ukumbini ina mtego wake. Majina ya maharusi ukiyatoa bila mandharinyuma, Screen uliyoipangia haitasafiri na faili, kwa sababu haikuwa na cha kuchanganyika nacho. H.264, aina ya kawaida ya faili za video, nayo haibebi uwazi. Toa ProRes 4444, aina nyingine ya faili, yenye alfa (taarifa ya uwazi). Kama fundi wa skrini ana modi ya Screen kwenye programu yake, mpe klipu yenye mandharinyuma nyeusi tii, aiwashe huko huko. Muulize kabla hujarenda, si bwana harusi akiwa mlangoni.