Kamera kwenye meshi ya redio za ridhaa: inapita, ila usiilazimishe HD

Video ya kamera kwenye meshi, yaani mtandao wa redio za ridhaa (za wapenzi wa redio, si za biashara) zinazopitishiana data zenyewe, inapita kabisa na intaneti haihitajiki, kamera ya IP (inayotuma video kwa mtandao) unaichomeka tu kwa waya wa LAN kwenye nodi ya AREDN (redio mojawapo ya meshi, yenye programu ya AREDN), inapewa anwani yake, mtu wa nodi nyingine anaifungua na VLC (programu ya kuchezea video) kwa RTSP, njia ya kuvuta video mubashara. Shida watu wanaiacha kwenye HD halafu wanalalamika picha inagandaganda. Mimi yangu nimeishusha 640x480, picha 10 kwa sekunde, H.264 (mbinu ya kubana video) kwenye kbps 500 hivi, inatembea freshi hata ikivuka nodi tatu, maana zikiwa chaneli moja kila mruko wa nodi hadi nodi unakula karibu nusu ya spidi. Mbinu ya MJPEG achana nayo, ni nzito, inatuma kila picha nzima nzima. Na kila anayetazama anavuta mkondo wake, wakiwa watatu mzigo ni mara tatu, hapo bora uweke kompyuta ndogo ya kugawa video upande wa watazamaji.

Ila angalia, nchi nyingi haziruhusu kuficha mawasiliano kwa usimbaji kwenye bendi za ridhaa, kwa hiyo usielekeze kamera mahali pa faragha, yeyote mwenye nodi anaweza kuchungulia.