Watu wa Arusha tukienda kupiga mbizi Unguja, angalia mwezi kabla ya nauli

Tangu niposti zile picha watu wananiuliza, eti mtu amekulia Ngarenaro, bahari anaionea kwenye kalenda, kafikaje kwenye meli iliyozama? Inawezekana, ila mi nilikosea pawili.

Meli yenyewe ni Great Northern, ya Waingereza, kazi yake ilikuwa kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari. Iliundwa 1870 ikaishia mwamba wa Pange mwisho wa 1902, hapo hapo karibu na Mji Mkongwe. Kina ni kama mita 12 tu kwa hiyo hata mwenye cheti cha kwanza cha uzamiaji anafika. Pegasus achana nayo kwanza, ile manowari iliyozamishwa na Wajerumani Septemba 1914, iko huko karibu mita 40.

Sasa mi nilipanga safari kwa kuangalia likizo na nauli, nikatua siku ya mwezi mpevu. Bamvua hiyo, yani maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Maji pale yanapanda na kushuka kama mita nne, yani bahari nzima inahama. Nahodha mmoja mzee akaniambia, "Mwanangu, leo maji yana kasi, ngoja maji mafu, siku bahari haipandi wala kushuka sana." Nikaona ananipotezea muda, nikapanda boti nyingine. Aisee! Mkondo ukanidaka ubavuni, napiga mapezi mpaka mapaja yanawaka na siendi popote, mchanga umetimka, meli naipapasa tu siioni, na hewa niliyotegemea dakika 45 ikaisha kwa ishirini na kitu kwa sababu nilikuwa nahema kama nimekimbia kupanda Meru.

Nikarudi kwa mzee mdogo mdogo. Hakunisema. Wiki ilivyopita akanipeleka maji yamejaa, yametulia, ndo nikaiona: mbavu za chuma zimeota matumbawe, samaki wanapita katikati, samaki mkunga, yule mrefu kama nyoka, katoa kichwa tunduni ananikodolea. Mikono weka kwako, kile chuma kinakata na mkunga hana utani.

Kosa la pili lingekuwa baya zaidi. Nilishakata tiketi ya ndege ya KIA, uwanja wa Kilimanjaro, jioni ile ile. Mwalimu wa uzamiaji akaniuliza narudi lini, nikamjibu, akanigomea kabisa. Ukiwa chini naitrojeni inajipenyeza mwilini, ukipanda ndege au mlima kabla haijatoka inafanya vipovu, unaumwa viungo, unaweza hata kupooza. Mzamo mmoja subiri angalau masaa 12, ukizamia mara kadhaa 18, mi siku hizi nakaa siku nzima. Na usiseme basi ntapanda basi, Arusha ni karibu mita 1,400, basi nalo linakupandisha vile vile. Vuka na boti mpaka Dar, lala, kesho yake ndo utafute basi stendi ya Magufuli huko.

Kumbe kwa wale wageni wetu wanaozamia, ni heri kupanda Kili kwanza afu Zanzibar baadae. Mi miaka yote nilidhani wanaenda kupumzisha miguu.