Pampu iko ziwani, tanki liko mlimani: "zima" isisubiri mtandao

Msomaji mmoja ameandika juzi kuhusu mradi wake wa mwaka wa mwisho: pampu ya HP 1 kando ya ziwa, simtanki la lita 5,000 juu ya mawe ya Bugarika, Mwanza, na simu ya kuwashia. Anauliza atumie programu gani kwenye simu. Ndugu yangu, simu ije mwisho. Jiulize kwanza: mtandao ukikatika pampu ikiwa inavuta, nani ataizima?

Wengi hutuma amri mbili, "washa" na "zima". Ya kwanza ikifika na ya pili ikapotea hewani, maji yatamwagika mpaka jirani apige kelele. Iwe amri moja: "washa kwa sekunde 30". Kidhibiti cha kwenye tanki (kompyuta ndogo yenye redio) kiirudie kila sekunde 10 maadamu maji hayajafika kikomo. Kidhibiti cha chini, kwenye pampu, kikikosa amri tatu mfululizo, kinazima chenyewe bila kumuuliza mtu. Pampu ikitoa lita 40 kwa dakika, sekunde 30 ni lita 20, kwa hiyo kikomo kikikaa lita 100 kabla ya kujaa, uko salama. Tanki likitulia, ujumbe mmoja kila dakika 15 unatosha, na betri haichoki.

Sasa relei, swichi ndogo ambayo kidhibiti huiwasha kwa umeme mdogo, maana hapa ndipo miradi mingi inapofia. Ile ndogo ya bluu imeandikwa ampea 10, na mota ya HP 1 kwa volti 230 hutumia ampea 5 au 6, basi mtu anaona inatosha. Haitoshi! Mota ikianza huvuta mara tano hadi saba ya hizo kwa muda mfupi, na siku moja ncha za ndani ya relei zitaungua na kushikana. Programu inaonyesha imezima, pampu inanguruma. Relei iwashe koili ya kontakta tu, yaani sumaku inayofunga swichi kubwa ya umeme. Kontakta ndiyo ibebe mota, pamoja na kinga ya joto iliyosetiwa kwa ampea za kwenye kibati cha mota. Funga pia kihisi cha mkondo kwenye waya wa mota. Ukiamuru "zima" na baada ya sekunde 2 ampea bado zipo, kontakta ya pili iliyofungwa mbele yake ikate.

Kihisi hichohicho kitakuambia magugu maji yameziba kichujio. Pampu isipopata maji ampea hushuka, na sili (kizuia maji kuvuja ndani ya pampu) huungua ndani ya dakika chache. Kipimo cha kwenye tanki kinachopima kina cha maji kwa mawimbi ya sauti nacho hudanganya kikishika ukungu: kinarudia namba ileile. Pampu ikivuta dakika 10, lita 400 lazima zionekane. Zisipoonekana, zima, bomba limepasuka au kipimo kimekufa.

Tena usidhani hakuna atakayehangaika na pampu yako. Mwaka 2000 huko Maroochy, Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni iliyofunga mitambo ya majitaka alitumia redio na kompyuta kuamuru pampu, na takriban lita 800,000 za uchafu zikamwagika kwenye bustani na mito. Redio haina mlango. Kila ujumbe uwe na saini ya HMAC (alama inayokokotolewa kwa ufunguo wa siri unaojulikana na vidhibiti viwili tu), ila saini pekee haimzuii anayerekodi "washa" ya leo na kuirusha kesho. Kila pampu inapotaka kuanza, itume namba mpya isiyotabirika. Tanki lisaini kwa namba hiyo pamoja na namba ya mfuatano. Ufunguo wa siri usiuache ndani ya kodi (maandishi ya programu) unayoipandisha mtandaoni. Wanafunzi wengi wanaiacha humo, na inasikitisha.

Kabla ya kugusa simu, washa pampu, chomoa antena ya tanki, shika saa. Ikipita sekunde 30 bado inavuta, rudi kwenye kodi. Kisha rudisha antena, zima kidhibiti cha chini chenyewe katikati ya kazi: kontakta lazima iachie.