Amenigeuka au amenibadilika?

SWALI: Niliandika "rafiki yangu amenibadilika", nikasahihishwa kuwa ni "amenigeuka". Mimi nilidhani geuka na badilika ni mamoja. Yametofautianaje, na asili yake ni ipi?

JIBU: Aliyekusahihisha hakukosea. Vitenzi hivi vinakaribiana mno, ila havina asili moja.

Badili tumelipata kwa Waarabu. Mzizi wake, b-d-l, una maana ya kuweka kitu mahali pa kingine, na ndio uliotupa pia badala na mbadala. Ndiyo maana tunabadili nguo na kubadilisha fedha: kimoja kinatoka, kingine kinaingia.

Geuka ni la Kibantu, na picha yake ni ya mwili. Kitu ni kilekile, ila kimeonyesha upande mwingine. Ukiitwa kwa nyuma unageuka, wala hubadiliki. Kutoka hapo ndipo ilipopatikana maana ya kuwa kitu kingine: maji yamegeuka barafu. Tazama jinsi "barafu" inavyokifuata kitenzi moja kwa moja. Kwa badilika utahitaji msaada: maji yamebadilika yakawa barafu.

Sasa turudi kwa rafiki yako. "Amenigeuka" ni kwamba alikuwa upande wangu, leo yuko dhidi yangu. "Amenigeukia" ni kwamba ameelekeza uso wake kwangu. Hiyo -i- ndogo ndiyo inayotenga usaliti na kutazamana! Badilika haibebi yambwa (mtendwa, kama -ni- ya "amenigeuka") mpaka ipewe -i- hiyo: "amenibadilikia", yaani mwenendo wake kwangu si ule wa zamani. Huenda amepoa tu, hajakusaliti. Chagua kwa kadiri ya alilokutenda.

Shina la geuka linaonekana wazi katika kigeugeu. Geua, ambalo siku hizi halisikiki sana, na geuka ni kama pindua na pinduka: la kwanza lina mtendaji, la pili linajitokea. Na z ya mageuzi? Ni ileile ya mapinduzi kutoka pindua, na ya mlezi kutoka lea. Zamani vitenzi hivi vilikuwa na l mwishoni mwa shina. Ikadondoka katika kitenzi, ikabaki katika nomino kwa sura ya z.

Kwa hiyo mageuzi yana watu wanaoyafanya, kama mageuzi ya katiba. Mageuko, yatokanayo na geuka, hujitokea yenyewe, na ndiyo maana wanabiolojia husema mageuko ya spishi.