Maswali yenu kuhusu shogi: ilikuwaje Nagase akalikosa taji usiku ule wa Kyoto

Tangu nigusie ile mechi ya taji la Ōza ya 2023, Nagase Takuya akitetea na Fujii Sōta akiwania, maswali yamekuwa mengi na mengi yanafanana, kwaiyo nimeyakusanya leo niyajibu kwa mpigo. Mengine nimeyafupisha.

Shogi ndo nini hasa, ni chess ya Kijapani tu au kuna tofauti?

Ni ndugu wa chess ndio. Bodi ina miraba 81, tisa kwa tisa, kila mtu ana kete 20, na unashinda ukimbana mfalme wa mwenzio akakosa pa kwenda. Lakini kuna sheria moja imebadilisha kila kitu: kete ukiila haifi, inakuwa yako, unaiweka pembeni na zamu yako ikifika unaweza kuishusha karibu popote kwenye bodi badala ya kusogeza kete nyingine. Waliokulia kwenye bao la kiswahili hapa hawatashangaa, maana kule nako kete unazokula unazimwaga upande wako zinaendelea kufanya kazi.

Sasa ona inaleta nini. Kwenye chess ukishamzidi mtu unabadilishana naye kete mpaka bodi inabaki tupu, unamaliza taratibu bila presha. Kwenye shogi kila mnapobadilishana unampa silaha mkononi, bodi haitulii hata siku moja, na kadiri mchezo unavyokwenda mwisho ndo unazidi kuwaka. Sare ni nadra sana. Na mtu anayeshindwa anakuwa na kitu cha kujaribu mpaka hatua ya mwisho kabisa, hilo mliweke akilini maana majibu yote ya chini yanatokea hapo.

Kaka hebu tueleze vizuri nini kilitokea Kyoto, maana kila anayeongelea Fujii lazima aitaje hiyo siku.

Haya, tuanze nyuma kidogo. Shogi ya kulipwa ina mataji makubwa manane: Ryūō, Meijin, Ōi, Eiō, Ōza, Kiō, Ōshō na Kisei. Kufika katikati ya 2023 Fujii, kijana wa kutoka Seto, mkoa wa Aichi, aliyeingia ulipwaji 2016 akiwa na miaka 14, alikuwa ameshabeba saba. Lililobaki ni Ōza na lilikuwa kwa Nagase ambaye alilishika tangu 2019, tena akishinda mwaka ule ingekuwa mara ya tano mfululizo na angepewa heshima ya kudumu ya taji hilo. Kwaiyo wote wawili walikuwa na kitu kizito mezani, sio Fujii peke yake kama watu wanavyosimulia.

Fainali ya Ōza ni michezo mitano, wa kwanza kufika ushindi wa tatu anachukua. Wa kwanza ulichezwa Hadano tarehe 31 Agosti, Nagase akashinda. Wa pili Kobe, mrefu ajabu, hatua 214, Fujii akasawazisha. Wa tatu Nagoya, na huu watu wanausahau wakati mimi naona nusu ya mechi ilikuwa hapa: Nagase alikuwa anaongoza vizuri tu, akapigwa cheki ya ruku (yani mfalme wake akatishiwa na kete inayoitwa ruku), akakinga kwa ruku wakati askari mmoja, kete ndogo kabisa, angetosha, mchezo ukaisha hatua ya 81 na Fujii akawa mbele 2 kwa 1. Mtu amecheza vizuri mchezo mzima halafu hatua moja imemla. Sasa jiulize anaingia Kyoto na nini kichwani.

Tarehe 11 Oktoba, mchezo wa nne, Nagase ndo anaanza. Akacheza shogi safi, kwa kweli nadhani ni kati ya michezo mizuri ambayo mtu amewahi kumchezea Fujii kwenye fainali, na usiku ulipoingia kompyuta zilikuwa zinampa Nagase asilimia 99 za kushinda. Fujii hatua ya 122 akaweka fedha kwenye 5-5 (fedha ni jina la kete, kama ilivyo dhahabu, farasi, mkuki, na namba zinataja mraba wa bodi). Nagase amebaki na dakika moja moja kwa kila hatua. Kulikuwa na njia ya kummaliza mfalme wa Fujii moja kwa moja, kushusha dhahabu 4-2 na kuendelea na cheki juu ya cheki. Nagase akapeleka askofu wake aliyepandishwa cheo (yani aliyeongezewa nguvu) kwenye 5-3. Hatua ya 123. Asilimia zikageuka zote, na kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alijua karibu palepale, wote tuliona akishika kichwa na kuvuta nywele huku Fujii ameinama tu anahesabu. Wakaendelea mpaka hatua ya 138 Nagase akainama kukubali, ilikuwa karibu saa tatu usiku kule. Fujii, miaka 21, mataji yote manane. Kabla yake wa mwisho kushika yote ni Habu Yoshiharu, Februari 1996, enzi hizo yakiwa saba.

Mtu ana 99% anashindwaje? Si maana yake alishamaliza?

Hapana, na naomba tuelewane hapa maana hii asilimia inawafanya watu wamdharau Nagase bila haki. Injini, yani programu ya kompyuta ya shogi, inapopiga hesabu inaangalia hatua bora halafu inajibu: ukicheza hivi, na ukaendelea kucheza hivi mpaka mwisho, unashinda. Haisemi kama njia ni pana au nyembamba. Unaweza kuwa na 99 huku hatua kumi zote zinakupa ushindi, na unaweza kuwa na 99 hiyohiyo huku hatua ni moja tu na zilizobaki zote zinakuua. Kwenye skrini namba ni ileile. Kwa aliyekaa kwenye mkeka ni vitu viwili tofauti kabisa.

Halafu kumbuka yeye haoni skrini. Simu hazipo, chumba kimya, ameamka asubuhi anapiga hesabu tangu saa tatu, na pembeni kuna mtu anayemsomea sekunde, thelathini, arobaini, hamsini, kisha moja, mbili, tatu... lazima mkono uwe umeshaweka kete kabla ya kumi. Sisi tulikuwa nyumbani tumeoneshwa jibu halafu tunashangaa kwa nini yeye hakulijua.

Na kitu cha pili ambacho kwangu ndo mkakati wenyewe: Fujii alijua kwamba anashindwa. Akishajua hivyo hatafuti hatua ambayo kompyuta itaipenda, anatafuta ile itakayompa mwenzie swali gumu kuliko yote kwa sekunde sitini. Ile fedha ya 5-5 ilikuwa swali. Na wala haikuwa mara ya kwanza kwenye safari hiyohiyo, mapema kwenye mtoano wa kumpata mpinzani wa Nagase alikuwa amebanwa vibaya na Murata Akihiro, karibu atoke, akaweka fedha kwenye 6-4 na mchezo ukageuka. Mtu anaweza kusema bahati. Mimi nasema ukiona bahati inamrudia mtu mmoja kila wakati anaposhindwa, angalia anachokifanya anaposhindwa.

Kwa nini Nagase asitunze muda wake? Masaa matano si mengi?

Ni mengi mpaka ukae pale. Ōza ni masaa matano kila mtu, ya siku moja, ukiyamaliza unaingia kwenye dakika moja kwa hatua, wenyewe wanaita byoyomi. Tatizo ni kwamba huwezi kujua mapema ni wapi mchezo utaamuliwa. Ukitumia saa nzima katikati kukwepa kuzidiwa, huenda saa hiyo ndo iliyokupa hiyo 99, na usingeitumia usingefika hata huko. Kwaiyo lawama za "angetunza muda" mi huwa nazikataa, ni rahisi kuzisema ukishajua jibu.

Kuna mechi za siku mbili pia, Meijin, Ryūō, Ōi na Ōshō, masaa manane au tisa kila mtu na michezo saba badala ya mitano. Huko siku ya kwanza jioni mwenye zamu anaandika hatua yake kwenye karatasi kwa siri, inafungwa kwenye bahasha, asubuhi wanarudia hatua zote za jana halafu mwamuzi anafungua. Na bahasha yenyewe ni silaha maana mwenzio analala hajui umecheza nini, wewe unajua. Wengine wanakaa muda mrefu makusudi ili waandike wao, wengine hawataki kabisa huo mzigo.

Anayeanza ana faida?

Kidogo. Kwa walipwaji anayeanza anashinda zaidi kidogo ya nusu ya michezo. Mchezo wa kwanza wanarusha askari watano hewani, wakidondoka wanaangalia upande gani umetokea mara nyingi, baada ya hapo wanapokezana. Kwenye ngazi ya taji hiyo faida ndogo inapanga mkakati wote, yani anayeanza anakuja kushambulia na anayefuata anaweza kuridhika kabisa hali ile ile ya bodi ikijirudia mara nne, maana hapo mchezo unafutwa na unaanza upya pande zikiwa zimebadilishwa. Nagase anajulikana sana kwa hilo, hana shida kurudia mchezo mzima usiku. Ni mtu wa kazi kweli kweli.

Siku hizi si wote wanakariri kompyuta? Utamu uko wapi?

Wanasoma na kompyuta ndio, tena sana, Fujii mwenyewe anajulikana kwa kujiundia mashine yenye nguvu kwa kazi hiyo. Kwenye mifumo kama ile ya kubadilishana maaskofu mapema unakuta hatua nyingi za mwanzo zinakwenda haraka, kila mmoja ameshazisoma nyumbani na anasubiri mwenzie ndo atoke kwenye njia kwanza. Kwaiyo vita ya kwanza ni nani atamfikisha mwenzie mahali ambapo yeye alishafanya homuweki. Ila hakuna aliyekariri hatua ya 123. Huko mwisho kila mtu yuko peke yake, na kompyuta zilivyoleta usawa mwanzoni ndo zimefanya mwisho uwe na uzito zaidi. Hayo ni maoni yangu lakini naamini.

Kwaiyo Nagase na Fujii ni maadui?

Wala. Wamekuwa wakifanya mazoezi pamoja tangu Fujii akiwa bado mvulana, Nagase amemzidi karibu miaka kumi. Baada ya mchezo wa Kyoto walifanya kama kawaida ya walipwaji, mshindi na mshindwa wanakaa palepale kwenye bodi ileile wanarudia mchezo pamoja, hapa ungefanya hivi mi ningefanya vile. Fikiria kukaa hapo dakika chache baada ya hatua kama ile. Na mwaka uliofuata Nagase alipigana kwenye mtoano mpaka akarudi kumdai Fujii taji hilohilo. Akafungwa 3 kwa 0, mchezo wa mwisho Kyoto tena, na tena alikuwa juu mpaka mwishoni kabisa. Mi mtu wa namna hiyo namheshimu kuliko wengi wenye makombe.

Fujii bado anayo yote manane?

Hapana, yalivunjika Juni 20, 2024. Itō Takumi alimnyang'anya Eiō kwa 3 kwa 2 mjini Kofu, na kabla ya hapo Fujii alikuwa hajawahi kushindwa fainali ya taji hata moja, alikuwa ameshinda 22 mfululizo. Utamu wa hii habari ni kwamba hao ni rika moja, wote wa 2002, na walipokuwa darasa la tatu Itō alimfunga Fujii kwenye mashindano ya watoto, Fujii akalia. Ukitaka kujua Itō alifanyaje, usitafute ufunguzi (hatua za mwanzo) wa siri. Kwenye michezo aliyoshinda alikubali kukaa pagumu muda mrefu, na ilipofika ile sehemu ya mwisho ambapo wengine wote hutetereka, alihesabu sawa.

Nataka kujifunza, naanzia wapi na sijui Kijapani?

Ingia Lishogi, tovuti ya kuchezea shogi, ni bure na inafungua hata kwenye simu ya kawaida. Kwenye seti ya kete chagua zile zenye alama za picha badala ya maandishi ya Kijapani, utazoea haraka. Kisha kabla hujahangaika na ufunguzi wowote fanya mafumbo ya kumbana mfalme, yale ya hatua moja na ya hatua tatu, mengi, kila siku machache. Walipwaji wengi walianza hivyo. Ukishazoea ya hatua tano nitafutie ule mchezo wa Kyoto, uupeleke mpaka hatua ya 122, weka saa ya sekunde sitini na utafute dhahabu ya 4-2 bila kuangalia jibu, halafu uniandikie.