Chenga kwenye picha za ndege: usiilaumu ISO

Kila anayeanza kupiga picha za ndege kwa kamera isiyo na kioo (mirrorless) huuliza swali lile lile: ISO, yaani kiwango cha kamera kukuza mwanga, mwisho wake iwe ngapi? Akishatajiwa namba, 1600 au 3200, anaishika kama amri. Ndege akitua kivulini, ISO imefungwa haipandi, kasi ya shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inaporomoka, na anachoambulia ni picha isiyo na chenga (vidoadoa vinavyochafua picha) hata moja ya ndege aliyetikisika. Mimi kamera yangu naiacha ipande hadi 12800 ikibidi. Chenga nitahangaika nazo kwenye kompyuta, lakini jicho la ndege lililofifia kwa mtikisiko hakuna programu ya kulirudisha.

Chenga nyingi chanzo chake ni uhaba wa mwanga. Mwanga hufika kwenye sensa, kibamba kinachoupokea ndani ya kamera, kwa chembechembe, fotoni, nazo haziji kwa mgawo sawa: pikseli moja inapata nyingi kidogo, jirani yake chache, ingawa zote mbili zinatazama unyoya mmoja. Ni kama mvua inayoanza kudondoka kwenye sakafu kavu; mwanzoni unaona madoadoa, ikikolea sakafu yote inalowa sawasawa. Mwanga ukiongezeka mara nne, chenga zinapungua nusu ukizilinganisha na picha yenyewe. ISO kazi yake ni kukuza kile kilichokwisha kukusanywa. Kwa hiyo kupiga kwa ISO 800 picha ikatoka giza, halafu ukaipandisha kwenye kompyuta, hakukupunguzii chenga. Kwa kamera nyingi vivuli vitatoka vichafu kuliko ambavyo vingetoka kama ungepiga kwa 3200 tangu mwanzo, mradi sehemu nyeupe haziungui, yaani hazigeuki weupe mtupu usio na undani.

Basi kazi ni kuutafuta mwanga, na pa kwanza pa kuutafuta ni kwenye miguu yako. Ukipunguza nusu ya umbali kati yako na ndege, ndege anachukua eneo mara nne kwenye sensa, na mwanga uliomchora yeye unakuwa mara nne vilevile, bila kugusa mpangilio wowote. Kwa manyoya yake hiyo ni sawa na kushuka kutoka ISO 6400 hadi 1600. Ndege aliye mbali ukimkata na kumkuza, unazikuza na chenga zake. Nimeona watu wakibadilisha kamera kwa ajili ya chenga, kumbe dawa ilikuwa kukaa chini, kutulia, na kumwacha ndege asogee mwenyewe. Namna ya kusogea nayo ina adabu yake: akianza kukukodolea macho na kunyoosha shingo, simama hapo hapo. Kwenye kiota usisogee kabisa.

Pa pili ni muda. Ndege anayeruka anataka kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde kwenda juu, na mdiria anayejitupa majini nampa 1/3200. Hapo hakuna mjadala. Ila mdiria huyo huyo hukaa tawini muda mrefu akichungulia maji, na wengi humpiga kwa 1/2000 ile ile "asije akaruka". Mtazame vizuri. Anainamisha kichwa, anakizungusha ghafla, kisha anaganda. Katika kule kuganda 1/250 inamtosha, hasa kamera na lenzi zikiwa na kituliza mtikisiko. Kutoka 1/2000 hadi 1/250 mwanga ni mara nane. Kama kamera ilikuwa kwenye ISO 6400, sasa iko kwenye 800. Ninachofanya ni kuanza na kasi kubwa ili nipate picha ya akiba, kisha nashuka hatua kwa hatua: 1/1000, 1/500, 1/250, kila hatua mfululizo mfupi. Nyingi zitatikisika na nitazifuta. Ile moja iliyoshika jicho kali, na ile nukta nyeupe ya mwanga ndani yake, ndiyo iliyonikalisha pale.

Tundu la lenzi halina maneno mengi: lifungue lote. Lenzi nyepesi za masafa marefu zimekuja na f/6.3 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na Canon mwaka 2020 walitoa hata ya milimita 800 ya f/11, ambayo fokasi (mfumo wa kulenga ukali) ya kamera isiyo na kioo inaimudu vizuri. Zinabebeka, nazipenda. Ila ujue kwamba f/6.3 inapitisha mwanga karibu mara tatu ya f/11, na tofauti hiyo utailipa jioni. Kikuzio cha 1.4x, kinachofungwa kati ya kamera na lenzi, nacho kinakula nusu ya mwanga, cha 2x kinaacha robo. Kivue jua likianza kuzama.

Sasa faida ya kamera hizi ambayo watu hawaitumii ipasavyo. Kwenye kidirisha cha kutazamia unaiona picha kabla hujaipiga, pamoja na histogramu yake, chati ya mgawanyo wa giza na mwanga. Yangeyange juani ataunguza weupe wake kabla hujajua, na kunguru mbele ya anga jeupe atatoka kivuli kitupu. Mimi naweka kamera kwenye M, mpangilio wa mkono, nachagua kasi na tundu mwenyewe, ISO naiacha ijipange, kisha gurudumu moja nalitenga kwa kuongeza au kupunguza mwangaza. Kunguru mbele ya anga nampandisha hatua moja au mbili. Yangeyange namshusha mpaka ile mistari ya pundamilia, onyo la kamera kwamba weupe unaungua, itoke mgongoni mwake, ibaki kidogo tu. Histogramu na mistari hiyo huhesabiwa kutokana na JPEG, kwa hiyo faili la RAW, data ghafi ya sensa, lina nafasi kidogo zaidi juu ya pale kamera inapolalamika. Piga RAW, tafadhali. Kupambana na chenga kwenye JPEG ni kupambana na kitu ambacho kamera imeshakipika.

Shata ya kielektroniki ni tamu kwa sababu haina mlio, ndege hashtuki. Ina mambo mawili ya kuangalia. Sensa inayosomwa polepole mstari kwa mstari hupinda mabawa ya ndege anayepiga mbawa kwa kasi. La pili, baadhi ya kamera zikiwekwa kwenye mfululizo wa kasi ya juu hushusha undani wa RAW kutoka biti 14 hadi 12, na gharama yake unaiona vivulini. Soma kijitabu cha kamera yako. Kwa ndege aliyetulia natumia ya kielektroniki. Kwa anayeruka, kama sensa si ya kasi, narudi kwenye shata ya kawaida.

Nyumbani, kabla hujagusa chochote, acha kukuza picha asilimia 200. Kila picha ina chenga ukiitazama hivyo. Itazame kwa ukubwa utakaoitoa: picha ya pikseli 6000 ikipunguzwa hadi 2000 kwa upana, kila pikseli inayobaki imekusanya tisa, na chenga nyingi zinapotea zenyewe.

Zinazobaki, zipeleke kwenye programu za kusafisha. Tangu Adobe waweke kisafishaji cha akili mnemba ndani ya Lightroom mwaka 2023, na kampuni ya DxO iliyowatangulia na kisafishaji chake, DeepPRIME, ISO 6400 imekuwa ya kawaida kabisa. Isafishe RAW mwanzo kabisa, kabla ya kunoa (kuongeza ukali) na kabla ya kucheza na rangi. Na usivute kitufe hadi mwisho. Programu ikikosa taarifa za kutosha hujitungia, na ndege mdogo aliyekatwa sana utamkuta na manyoya ya plastiki, au na michirizi ambayo ndege wa aina yake hana. Anayewajua ndege ataiona mara moja.

Chenga huonekana zaidi kwenye anga na kwenye majani yaliyofifia nyuma kuliko kwenye manyoya, kwa kuwa manyoya yenyewe yana vinyuzi vinavyozificha. Kwa hiyo nachora mpaka kumzunguka ndege, usuli nausafisha kwa nguvu, ndege namgusa kidogo tu. Kunoa nako ni kinyume chake: ndege peke yake, usuli usiguswe, maana ukiunoa unazirudisha zile zile ulizozifuta. Picha ikiwa bado haitazamiki baada ya hapo, kwa kawaida utakuta shida ni fokasi iliyoshika tawi badala ya jicho, au hewa yenye joto iliyokuwa ikicheza kati yako na ndege, na hayo hayana kitufe. Rudi kwenye mfululizo ule ule utafute nyingine.